Bizimu Isiyo na Ulimi

Jumatatu, 4 Machi

Leo naanza kuandika. Daftari ni la hesabu la mjukuu wangu, alilitupa. Kurasa za mbele zimejaa makosa yake na wino mwekundu wa mwalimu. Za nyuma zitajaa akili ya bibi yake. Shule niliishia darasa la nne. Sikufukuzwa. Niliona inatosha.

Naandika ili pawe na ushahidi. Siku kitu changu kitakaposifiwa, asije mtu kusema kakibuni yeye. Namsema Gundi.

Kazi yetu ni ngozi. Mikanda ya suruali, mikanda ya mabegi, na zaidi matandiko ya punda wa mikokoteni. Karakana ni ya marehemu mume wangu. Sasa inaitwa ya mwanangu, kwa sababu jina lake ndilo lililoandikwa juu ya mlango. Aliyemshikia ngazi mwandishi wa kibao ni mimi.

Asubuhi mwanangu kaingia na futi. Akaanza kupima meza yangu ya dirishani. Nikamuuliza anampimia nani jeneza. Akasema hapana mama, napima nafasi tu, nataka kuleta cherehani ya umeme ya kushonea ngozi. Nikamuuliza itakaa wapi. Akaangalia viatu vyake. Akasema mama, mgongo wako, macho yako, si ukae nyumbani upumzike na mke wangu?

Nipumzike na mke wake! Bora nipumzike na punda.

Meza ile tulikaa mimi na marehemu miaka thelathini na moja, yeye ncha ile, mimi ncha hii. Ina shimo dogo alipozoea kuweka kiwiko. Cherehani haina kiwiko.

Hatujamaliza kugombana, akaingia Mwenyekiti. Ndiye mkubwa wa wenye mikokoteni, mtu mnene, mpole, anahema akisimama. Katupa mezani mkanda uliochanika. Kasema amechoka na bizimu, yaani hivi vyuma vya kufungia mkanda. Ule ulimi wa katikati unaoingia tunduni unachana ngozi, na ukishachana unamchoma punda begani. Ana punda ishirini na wawili, na nusu wana vidonda. Atakayemletea bizimu isiyochana wala kuchoma, kazi ya punda wote ni yake.

Gundi alikuwa mlangoni. Yeye hukaa mlangoni, kila mlango isipokuwa wake. Ni fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, na tunamwita Gundi kwa sababu hajui sindano. Kila kitu anabandika. Akadakia kwamba anazo bizimu za plastiki za kubana, kama za mabegi ya shule.

Mdomo wangu ukasema kabla sijauuliza kichwa: yangu mimi haina ulimi kabisa! Wala mkanda hautaki matundu!

Hata mimi ndiyo kwanza naisikia.

Gundi akacheka. Akasema basi mama kautoa ulimi kwenye bizimu akauongezea kwenye wake. Watu wakacheka. Mwanangu naye kacheka. Niliona.

Papo hapo nikamwambia mwanangu mbele ya mashahidi: Mwenyekiti akichagua bizimu yangu, meza hii haitoki hapo mpaka nife. Akichagua ya Gundi, nitatoka mwenyewe. Majaribio Jumamosi ya wiki ijayo. Akakubali haraka. Haraka mno kwa mtoto niliyemnyonyesha.

Jumanne, 5 Machi

Nimechora. Visanduku vya hesabu vimesaidia. Fremu ya chuma, mraba. Katikati kijiti cha chuma kinachotembea huku na huku. Mkanda unapita chini, unazunguka kijiti, unarudi juu. Ukivuta, kijiti kinaubana mkanda kwenye fremu. Ukizidi kuvuta, kinazidi kubana. Hakuna ulimi. Hakuna tundu. Hakuna kidonda.

Nimeutazama mchoro nikajishangaa.

Nikampelekea shemeji, mdogo wa marehemu, mfua vyuma. Mtu wa maneno machache. Akisema sita kwa siku ni hotuba. Aliangalia mchoro, akaniangalia mimi, akaangalia tena mchoro. Akasema: shemeji, hii ni akili. Maneno manne! Nikamwambia atie na meno kwenye kijiti, ili kisiteleze. Akasema mengi? Nikasema kama ya msumeno. Akanyamaza. Nilipaswa kuuelewa ule unyamavu, lakini yeye ananyamaza hata akiwa na njaa.

Alhamisi, 7 Machi

Bizimu ya kwanza ipo mkononi. Nzuri! Nzito! Inauma kama mbwa.

Ilihitaji kujaribiwa kiunoni mwa mtu. Mwanangu alikuwa anaondoka kwenda kuonana na muuza cherehani, kavaa suruali yake ya heshima. Nikamwambia simama, mkanda wako umechakaa, usiende kuniaibisha. Nikamfunga mkanda mpya wenye bizimu yangu. Nikavuta mara moja. Ikashika. Alisema mama inabana. Nikasema ndiyo kazi yake.

Baada ya saa moja kasikika akiita kutoka chooni. Si kuita, ni kulia. Anaita mama, anaita mke wake, anaita jirani. Bizimu haifunguki! Kila akivuta inazidi kubana, kama nilivyochora. Mke wake kavuta, ikabana. Mimi nikavuta, ikabana. Jirani mwenye nguvu kavuta, mwanangu akanyanyuka mzimamzima, akabaki anapiga miguu hewani.

Mke wake akanigeukia akasema mama, umemfunga mume wangu kama mzigo. Nikamwambia mzigo huo niliubeba mimi kabla yako, miezi tisa, bila bizimu.

Aliyeukata mkanda ni Gundi. Kaja mbio na kisu cha viatu kabla hajaitwa. Akakata chaa! Mwanangu akarudi chooni kwa kasi ambayo sijaiona tangu akiwa mdogo. Gundi akaokota bizimu, akaigeuzageuza, akasema mama, hongera, umetengeneza kufuli.

Nasema hivi: bizimu ilipewa kazi ya kushika. Imeshika. Kufungua hakuna aliyeitaja.

Kwa muuza cherehani mwanangu hakufika. Hilo nalo nalihesabu ushindi.

Ijumaa, 8 Machi

Mwanangu haniongeleshi. Mke wake ananiongelesha, ndiyo adhabu kubwa zaidi.

Shemeji kayapiga meno tupa yakaisha. Kijiti sasa ni laini. Kisha nikamwambia atie kidole pembeni, kipande kidogo cha chuma. Ukikibonyeza, kijiti kinarudi nyuma na mkanda unaachia. Wazo ni langu. Yeye alikuwa ameshakitengeneza nilipofika, lakini wazo ni langu.

Jumatatu, 11 Machi

Mwanangu kakataa kufungwa tena. Jirani kakataa. Nilimwendea mzee wa duka la misumari kwa heshima zote, akajifungia ndani ya duka lake akasema yupo safarini.

Basi nikajijaribia mwenyewe. Nimekata mkanda mpana, ngozi mpya, kavu, moja kwa moja kutoka kwenye roli. Nikautupa juu ya boriti ya karakana, nikaufunga kwa bizimu ukawa pete kubwa. Nikapanda kwenye stuli, nikaketi kwenye ule mkanda kama mtoto kwenye bembea. Nikaipiga stuli teke.

Ikashika!

Na uzito wangu si wa kuuliza. Nikabembea mbele. Nikabembea nyuma. Boriti ikalia, bizimu kimya. Nikajikuta naimba.

Hapo mke wa mwanangu kaingia na chakula cha mchana. Kaona mama mkwe ananing'inia kwenye boriti. Sahani ikaanguka. Kapiga ukelele mtaa mzima ukajaa mlangoni, wengine tayari wanalia, mmoja anasema alikuwa mkali lakini alikuwa na moyo mzuri. Nikawaambia kutoka juu kwamba bado ni mkali na walete stuli.

Shemeji alikuwa katika umati. Akabonyeza kidole. Mkanda ukaachia mara moja, taratibu, nami nikashuka kwa miguu yangu. Akasema: imeshika, na imefunguka. Gundi alikuwepo. Aliishika bizimu muda mrefu, akairudisha kwa mikono miwili, akaenda zake.

Gundi kimya! Nimeweka alama ya nyota hapa ili nisisahau.

Ijumaa, 15 Machi

Kesho ndiyo kesho. Bizimu zipo tayari, mbili kubwa, moja ya mkanda wa kifuani, moja ya tumboni. Ngozi imekatwa. Shemeji kazifunga, kavuta, kaning'iniza gunia la mchanga, zimeshika. Kasema: shemeji, sasa usiguse kitu. Akarudia: usiguse.

Nikachungulia kwa Gundi. Mikanda yake ipo nje kwenye kamba, imepauka, kavu kama visigino vyake. Nikacheka peke yangu. Nikarudi nikaitazama yangu. Nayo imepauka!

Sasa niseme jambo. Marehemu hakuruhusu hata kipande kitoke kwenye meza ile bila nta. Hata mkanda wa mbwa. Alikuwa anayeyusha nta ya nyuki kwenye kopo la bati, anapaka kwa kitambaa, anasugua mpaka ngozi inang'aa kama kioo. Kopo lake ninalo, bado lina nta. Ukilifungua, ni harufu ya shati lake.

Watu watakuja kutazama kazi ya meza hii, halafu waione imepauka? Siwezi.

Nimepaka. Nimesugua mchana kutwa, mpaka mkono ukafa ganzi. Mikanda inang'aa! Shemeji chuma ni chake. Ngozi ni yangu.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika kwa ufupi maana nina hasira.

Watu walijaa. Punda wa majaribio alikuwa yule wanayemwita Hakimu, kwa sababu hutazama watu kama amewakuta na hatia. Mkokoteni ukajazwa matofali, na Mwenyekiti akaketi nyuma juu ya matofali, ili ajionee mwenyewe. Kazi ni kupanda kilima kidogo cha mbele ya karakana.

Kaanza Gundi. Plastiki zake zikasema tik, tik. Hakimu akavuta, akapanda, akafika. Zilishika. Sikatai, macho ninayo.

Ikaja zamu yangu. Nilipoifunua mikanda, watu waliguna kwa kupendezwa. Mwenyekiti akasema mama, hapa mtu anaweza kunyolea ndevu. Nikamtazama mwanangu. Kidogo alijivuna, nilimwona. Shemeji ndiye peke yake aliyetia mkono kichwani.

Nikafunga. Nikavuta. Nikasema haya, twende.

Hakimu akaenda. Mkokoteni haukuenda.

Mkanda wa kifuani uliteleza ndani ya bizimu laini kabisa, bila sauti, kama uzi ukitoka kwenye sindano. Wa tumboni ukafuata. Hakimu akatoka katikati ya mikono ya mkokoteni kama mtu anayetoka kitandani. Mikono ikaruka juu, nyuma ikashuka, matofali yakamwagika, na Mwenyekiti akamwagika pamoja nayo, miguu juu, kiatu kimoja huku, kingine kule. Punda hakugeuka hata kutazama. Alikwenda moja kwa moja kwa Gundi akala boksi la viatu.

Mwenyekiti hakuumia. Ana pa kuangukia.

Gundi akaokota mkanda. Akapitisha kidole, akakinusa. Akasema polepole, mbele ya wote: mama, umepaka nta. Bizimu hii inashika kwa kubana. Ukipaka nta unaipaka utelezi. Kasema isingekuwa nta, ingeshika kuliko plastiki zake.

Gundi anifundishe mimi ngozi! Mtu ambaye hata mlango wa nyumba yake kaubandika! Nikamwambia kosa ni la punda, ni mwembamba, hana kifua. Nikamwambia nta ilikuwepo kwenye meza ile kabla yeye hajajua kufunga kamba za viatu.

Mwenyekiti kachagua plastiki. Alisema kwa upole, akitoa mchanga sikioni.

Jumapili, 17 Machi

Nilisema nitatoka mwenyewe. Sikusema meza nitaiacha.

Mwanangu kaja na wanaume watatu. Kasema mama, naomba uinuke, tunaipeleka nyumbani, chumbani kwako, hatuitupi. Nikamwambia ipelekeni. Nikapanda juu nikaketi, miguu nimekunja, kopo la nta mapajani.

Wakasubiri nishuke. Nikawauliza wanasubiri nini.

Wakainyanyua pamoja nami. Tukapita barabara kuu yote, mimi juu, wao chini wanatokwa jasho. Niliwasalimia watu kulia na kushoto. Wengine walipiga makofi. Mzee wa duka la misumari alitoka nje leo, kumbe safari imeisha. Kwenye kona nikawaambia wapunguze mwendo, kuna mtu nilikuwa sijamsalimia.

Mlangoni mwa Gundi nilitazama mbele. Yeye alivua kofia. Dharau!

Chumbani wameiweka dirishani. Walipotoka niliweka kiwiko changu kwenye lile shimo. Ni kubwa kuliko kiwiko changu. Nilikaa hivyo mpaka chai ikapoa, na mke wa mwanangu akaingia, akaichukua, akaleta nyingine ya moto. Sikumwomba.

Jumanne, 19 Machi

Nilijua! Nilijua!

Mwenyekiti kaja leo, anachechemea kidogo. Plastiki za Gundi zimepasuka. Punda wawili jana, mmoja leo. Jua na uzito, hazikuweza. Kasema anataka kuijaribu tena ile ya kwangu kesho asubuhi, kwa Hakimu yuleyule. Ikishika, kazi ya punda wote ishirini na wawili ni yangu. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni. Akasema mama, ikishika, kesho hiyohiyo meza inarudi dirishani kwake, cherehani nitaiweka kwenye kona ya ndoo. Na hakuangalia viatu vyake.

Shemeji kaleta ngozi mpya, kavu, na bizimu zimeshafungwa tayari. Kanishika mkono, kasema maneno kumi, nimeyahesabu: shemeji, nakuomba, kavu hivyohivyo, usipake kitu, usisugue kitu, acha tu. Mke wa mwanangu akasema mama, usipake. Mjukuu akasema bibi, usipake. Nikawaambia wote ndiyo. Nikaapa.

Kisha Mwenyekiti, akiwa anatoka, kanieleza aliyemshauri arudi kwangu. Ni Gundi! Kamwambia bizimu ya mama ndiyo bora, hakuna nyingine mjini, ilimradi tu asiipake nta.

Nikakaa nikafikiri. Gundi, mshindani wangu, ananisifia? Gundi anahangaika nisipake nta? Mtu wa ng'ambo ya barabara ana faida gani ngozi yangu ikipauka mbele ya watu? Kamdanganya shemeji, kamdanganya mjukuu, hata Mwenyekiti mwenyewe. Mimi sidanganyiki. Darasa la nne linatosha kwa hesabu hii.

Na kosa la Jumamosi nimeshaligundua, bila msaada wa mtu. Nilipaka upande mmoja tu! Upande ukiwa laini na mwingine mkavu, mkanda lazima uende kombo, na ukienda kombo utashikaje?

Nimefunga mlango. Nimeyeyusha nta yote iliyobaki kwenye kopo la marehemu. Nimepaka pande zote mbili, mara mbili mbili, na bizimu zenyewe nimezisugua ndani na nje. Mikanda ipo mezani mbele yangu, inang'aa hata naona ndani yake meno yangu yote manne.

Kesho Mwenyekiti akae juu ya mkokoteni kwa mbele, si nyuma kama Jumamosi. Nyuma kuna upepo.